Steringi ni nani? Nimerudia kuangalia filamu nilizokuwa nazisifia, nyingine zimenitoa jasho

Mzee wa Benchi la Nyuma

Wakuu, habari za jioni.

Bodaboda imenilaza ndani, hii ni wiki ya sita, mguu una plasta mpaka pajani. Shemeji yangu kanionea huruma kaniletea flashi imejaa muvi, za zamani na za sasa, zimechanganyika kama kapu la mtumba. Basi kazi yangu ni hiyo: uji, dawa, muvi.

Sisi tuliokulia Manzese miaka ya tisini, sinema tuliijulia kwenye kibanda umiza. Benchi la mbao, shuka jeusi mlangoni, televisheni na deki juu kabisa zimefungiwa nyavu ya chuma wahuni wasizibebe. Ukichelewa kuingia huulizi jina la picha. Unamgusa wa pembeni: "Steringi yupi?" Ukishaonyeshwa umemaliza. Unajua wa kumshangilia, unajua nani hafi, unajua ukienda kukojoa utarudi umkute.

Sasa nimerudia muvi kama kumi na tano nikiwa na swali lilelile, na nimegundua nyingi nilizokuwa nazibishania humu mpaka usiku wa manane zinaangukia hapohapo. Steringi wamempa mtu asiyestahili, mwenye msiba wake wamemkalisha pembeni ashike taa.

Naanza na inayoniuma, The Last King of Scotland ya 2006. Forest Whitaker alistahili Oscar yake, hilo sibishi. Kile kicheko kinachokatika ghafla halafu macho yanabaki yamekutumbulia! Lakini ulizeni steringi ni nani. Si Idi Amin mwenyewe, wala si Mganda mwingine yeyote. Ni daktari kijana wa Kiskoti, Nicholas Garrigan, mtu ambaye hakuwahi kuwepo duniani, katoka kwenye riwaya. Watu wanachinjwa nchi nzima, sisi tunatakiwa roho itudunde kama huyu bwana atapanda ndege pale Entebbe. Kay Amin alikuwepo kweli, alikufa kweli mwaka 1974 na mwili wake ulikutwa umekatwakatwa. Kwenye filamu wanakuambia yalimkuta hayo kwa sababu alilala na daktari wa kubuni. Mama wa watu kafa, kifo chake wamekiazima ili mzungu apate cha kujutia.

Kuna daktari Mganda mle, Junju. Mwishoni anamsaidia Garrigan kutoroka, anamwambia aende akausimulie ulimwengu ukweli, watamwamini kwa sababu ni mzungu. Junju anapigwa risasi. Hapo nilisimamisha nikaangalia dari. Kumbe walioandika walijua kabisa wanachofanya! Ugonjwa wa filamu yao wameutia mdomoni mwa mtu mweusi, halafu wakamuua.

Sholay (1975) bado iko pale pale. Zaidi ya saa tatu na sijachoka, isipokuwa ule upuuzi wa bwana jela anayejifanya Hitler, ule ningeukata wote. Pale kibandani tulikuwa na sheria moja tu: steringi hafi. Amitabh Bachchan alipolala pale darajani, siku hiyo nina miaka tisa, kuna jamaa mtu mzima alidai arudishiwe hela yake. Na ile sarafu! Picha nzima huyo Bachchan, mle anaitwa Jai, anarusha shilingi kuamua jambo, kumbe pande zote mbili ni sawa, kumbe kila mara alikuwa keshaamua mwenyewe na anamdanganya rafiki yake. Mwandishi kakupa sababu ya kurudia filamu nzima kwa kitu cha kutoshea kiganjani. Siku hizi wana milioni mia mbili za dola na hawana sarafu.

Commando ya 1985 imenitia aibu. Nilikuwa naitetea kama dini. Nimeiwasha safari hii bila mtafsiri, sauti yake yenyewe, na ndani ya nusu saa nikaona haina kitu. Mtoto katekwa, baba ana saa kumi na moja, watu wanaanguka kama maembe, mwisho. Vile vichekesho nilivyokuwa nacheka, vile visa vya adui kudaiwa kodi ya nyumba na kukimbiwa na mke, vyote alivitunga mtafsiri wetu wa pale Manzese akiwa na maikrofoni na soda ya moto. Miaka thelathini nilikuwa namsifia Arnold kwa kazi ya mtu mwingine.

Nyingine kwa haraka. Titanic, inazama vizuri, inapendana vibaya. Oppenheimer, nililala mara mbili, lakini kile kimya baada ya bomu kulipuka kiliniamsha vizuri kuliko kelele. RRR, jamaa karusha chui kwenye sherehe ya wakoloni, sina neno, nipeni mbili. The Gods Must Be Crazy nilikuwa nacheka mpaka machozi, safari hii nimecheka nusu. N!xau anaigiza vizuri kuliko wote mle, halafu sauti ya msimulizi inamwelezea kama anaelezea pundamilia.

Nawasilisha. Matusi peleka jukwaa lingine.

Dereva wa Semi

Pole na mguu mkuu. Lakini umemzungumzia Amin wa sinema bila kumtaja Joseph Olita? Rudi shule. The Rise and Fall of Idi Amin, 1981, imepigwa Kenya, Olita mwenyewe Mkenya. Whitaker alimwigiza Amin, Olita alikuwa kama kaazimwa mwili na Amin. Ndiyo maana Mira Nair alipomhitaji Amin kwenye Mississippi Masala ya 1991 alimfuata huyohuyo.

Na kwenye hiyo steringi ni Amin mwenyewe. Hakuna kijana wa Kiskoti.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Mkuu hapo nimekamatika, niliisahau kabisa. Ila nayo naidai. Vichwa vya watu kwenye friji, kula nyama za watu, mwongozaji kashika kila uvumi wa baa akaupiga picha. Ukitoka pale unamwogopa Amin kama zimwi la hadithi. Hujui alipataje bunduki, nani alimshangilia alipoingia, nani alimuuzia wiski. Whitaker angalau alinionyesha kwa nini watu walimpenda kwanza.

Luteni Mstaafu

Vijana, mimi nilivuka Mutukula kwa miguu. Kampala tuliingia tarehe 11 Aprili 1979. Hizo filamu zote mbili nimeziona, mwanangu aliniwekea. Ya kwanza niliona Amin wa redio yetu ya wakati ule, yule tuliyekuwa tunaimbiwa. Ya pili niliona Amin wa Wazungu. Yule waliyekuwa wanatueleza Waganda wenyewe pale Masaka, wanaongea kwa sauti ya chini huku wanachungulia dirishani hata baada ya sisi kufika, bado hajaigizwa na mtu.

Dereva wa Semi

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa kimya.

Kinyozi wa Kayole

Wakubwa wa Bongo, salamu kutoka Nairobi. Hiyo ya mtafsiri umeniguza kabisa. Huku tuna DJ Afro. Mimi sijawahi kuona filamu ya Kichina nikiwa mtoto, nimeona filamu za DJ Afro zenye Wachina ndani. Kuna wateja wangu hapa kinyozi ukiwawekea ile orijino wanasema umeharibu movie.

Lakini nataka nikuulize, mbona Nairobi Half Life haiko kwa hiyo orodha? Ama flashi ya shemeji ilijaa?

Mzee wa Benchi la Nyuma

Ipo, nilikuwa nakwepa ugomvi na majirani.

Haya. Nusu ya kwanza ni dhahabu. Mwas anauza DVD kijijini huku anaigiza vipande vyake mbele ya wateja, anaingia mjini asubuhi, kufika mchana hana kitu hata kimoja, jioni yuko sero. Kile kipande cha kusafisha choo cha sero ndicho bora kuliko vyote. Wanamwonea, choo chenyewe ukikitazama tu unasikia harufu, naye anakigeuza jukwaa, anaimba, mpaka wale majambazi wanacheka naye. Pale mwongozaji Tosh Gitonga alimaliza kila kitu kuhusu uigizaji bila kumweka mtu darasani.

Sasa kwa nini aliendelea kutueleza? Ule upande wa ukumbi wa michezo haulingani kabisa na upande wa Kirinyaga Road. Vijana wa Oti wakiiba taa za gari nahisi vidole vyangu vinauma. Wakija wasanii wa jukwaani naona watu wanasoma karatasi. Na mwisho, damu haijakauka, jamaa kapanda jukwaani anatuhubiria, watu wanapiga makofi. Steringi alistahili makofi, sisi tulistahili kimya.

Kinyozi wa Kayole

Hapana mzee, hapo umekosea njia, shuka hapa hapa. Makofi ndiyo tusi lenyewe! Wale watu kwa ukumbi ni wale wale wenye magari yaliyong'olewa taa. Wanampigia makofi usiku, asubuhi wakimwona kwa barabara wanafunga vioo vya gari. Mwas anajua, wewe unajua, wao hawajui. Hiyo filamu ilipelekwa Oscar mwaka wa 2012, mara ya kwanza kabisa Kenya kupeleka, na mimi nafikiri ni hicho kipande kiliibeba.

Nakupa nusu moja tu: wasanii wa jukwaani walikuwa wakavu. Hiyo ni kweli.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Ngoja nikairudie dakika kumi za mwisho.

(Baada ya nusu saa.) Sawa, nasogea kidogo. Kamera inakaa usoni kwake wakati makofi yanapigwa na hatabasamu vile nilivyokuwa nakumbuka. Ila mahubiri bado ni mahubiri.

Mpenzi wa Part Two

Naona mnatembea dunia nzima mnaogopa kurudi nyumbani. Bongo Muvi je? Au ndiyo mmeshasoma?

Mkazi wa Vuga

Nyumbani kwenu wapi? Kwetu ipo Vuta N'Kuvute na hakuna hata mmoja alotia neno mpaka sasa, mnazunguka na Arnold tu.

Mie kitabu cha Adam Shafi nakijua ukurasa kwa ukurasa, nilikisomea mtihani wa kidato cha sita nikakichukia, nikaja kukipenda nshaolewa. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 nimeiona mara tatu na kila mara natoka na neno jengine. Mara ya kwanza nilikasirika. Yuko wapi Inspekta Wright wangu na vituko vyake, ziko wapi zile safari, ziko wapi zile kurasa za kucheka? Kitabu kizima cha watu wanaopiga porojo, filamu wamekaa kimya wanatazamana. Mara ya pili nikaacha kusubiri kitabu, nikatazama. Ile rangi! Kuta za Mji Mkongwe zinavyokula mwanga, kidumbak kinavyokuja kwa mbali kabla hujaona mtu. Siti Amina anavyomcheza Mwajuma, yule ndo somo yangu kabisa, mwanamke anoweza kukupa kanga yake ya mwisho na kukusema hapo hapo.

Mara ya tatu ndo nikajua kinonikera. Yasmin. Mtoto wa Kihindi kaozwa mzee, kakimbia, kwao wamemfungia mlango. Kitabuni nlikuwa namsikia anavyofikiri. Kwenye filamu namuona anavyotazama tu. Mzuri, taa nzuri, macho mazuri, lakini namtafuta yeye mwenyewe simpati. Anamtazama Denge, Denge anaitazama nchi, na nchi hainitazami mimi. Kwa swali lako la steringi, filamu hii inasema steringi ni Yasmin lakini kazi yote kapewa Denge.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Dada, hiyo ya mwisho nitaiandika kwenye plasta.

Mimi niliipenda zaidi yako kidogo, labda kwa sababu kitabu nilikisoma kwa muhtasari wa mwenzangu usiku wa kuamkia mtihani. Ilipopelekwa Oscar kwa niaba ya Tanzania nilifurahi, maana kabla yake tulikuwa na Maangamizi ya 2001 basi. Miaka ishirini! Ila kuna jambo moja: watu wanazungumza Kiswahili cha kwao bila kukitafuna kwa ajili ya mgeni. Filamu ngapi zimepigwa Unguja na watu wanaongea kama wasoma taarifa ya habari?

Mkazi wa Vuga

Hilo ndo limeniweka kitini hadi mwisho. Na ukitaka kuiona vyema, itazame Ngome Kongwe wakati wa ZIFF, lile tamasha letu la filamu, na popo juu yako, kuta zilezile. Nyumbani kwenye simu ni kuidhulumu.

Mpenzi wa Part Two

Nasubiri jibu.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Ndugu yangu, usinigombanishe na mke wangu, yeye na marehemu Kanumba mpaka leo. Tarehe 7 Aprili kila mwaka kwangu hakupikwi cha maana.

Nitasema hivi. Kanumba alikuwa na kitu wasichokuwa nacho wengi waliomfuata: alikuwa anawasikiliza wenzake. Mwangalie akiwa hazungumzi. Wengi wao wanasubiri zamu yao ya kulia. Lakini zile filamu zenyewe zilikuwa zinapigwa ndani ya siku chache, ndani ya nyumba ya kuazima ya Mbezi, na shida kubwa hata haikuwa kamera. Ilikuwa ni Part One na Part Two. Kisa cha saa moja na nusu kinavutwa saa tatu ili ziuzwe diski mbili. Ndiyo maana gari linaingia getini dakika nne. Mlinzi anafungua, gari linapita, mlinzi anafunga, jamaa anashuka, anafunga mlango, anaweka miwani, anapanda ngazi, tunahesabu naye ngazi. Watu wanasema waongozaji hawakujua kukata. Walijua sana, ila anayekata alikuwa anajikatia mkate.

Mpenzi wa Part Two

Hapo sasa umesema kitu. Watu wanatucheka kana kwamba tulikuwa wajinga kuangalia. Mama yangu alikuwa anaangalia akisuka ukili. Zile dakika nne za geti ndizo alizokuwa anahesabia miaa. Filamu za sasa za kukatakata anasema zinamkosesha hesabu.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Nacheka mpaka mguu unauma.

Msomi Asiye na Ajira

Naomba nilete moto. Parasite. Nyote mtasema bora duniani kwa sababu ilichukua Oscar nne na tuzo kubwa ya Cannes. Mimi naona nusu ya kwanza ni kichekesho safi, nusu ya pili mtu kamwaga ndoo ya damu kwa sababu hakujua namna ya kuwatoa watu ndani ya nyumba.

Jirani wa Msimbazi

Msomi, unaishi ghorofani wewe.

Mimi naishi Jangwani. Maji yakija, yanakuja hivyohivyo kama kwenye ile filamu, yanatokea chooni kwanza. Yule binti aliyekaa juu ya choo kinachofoka akawasha sigara, niliposhuhudia ile nilipiga kelele peke yangu sebuleni. Bong Joon-ho alijuaje? Kesho yake mama tajiri yuko nyuma ya gari anaongea na simu, anashukuru ile mvua kwa kuwa imesafisha anga na sherehe itapendeza. Dereva anaendesha. Usiku wake wote alikuwa analala chini kwenye ukumbi wa mazoezi pamoja na waliohamishwa. Hasemi kitu. Na yule mama anafungua kioo kidogo kwa ajili ya harufu.

Damu haikuja ghafla. Ilianzia kwenye kioo cha gari.

Msomi Asiye na Ajira

Nimeondoka.

Mwana wa Igogo

Nimesoma uzi wote nikisubiri mtu ataje filamu ya mapanki. Mnaikwepa?

Darwin's Nightmare, 2004, ya Hubert Sauper. Waandishi wa nje wanaiita kazi bora, ilifika hata kugombea Oscar ya makala. Sisi wa Mwanza tunaijua kwa jina la mapanki na tunajua kelele zake: Rais Kikwete aliisema hadharani 2006, watu wakaandamana, bungeni ikazungumzwa.

Mimi sikuandamana. Nilikuwa kijana, mama yangu alikuwa anakaanga mapanki. Kwa asiyejua: ni kile kinachobaki kiwandani sangara akishatolewa minofu, kichwa na mifupa. Mle ndani wameonyesha mapanki yamelazwa kwenye uchafu, funza wanatembea, na muziki wa huzuni. Sikatai, ile sehemu ilikuwepo. Lakini hawakuonyesha kikaango. Hawakumwonyesha mtu hata mmoja anayekula akalamba vidole, na kichwa cha sangara kilichokaangwa vizuri, ndugu zangu, sijui kama kuna minofu ya huko Ulaya inayokifikia. Kila tulichogusa kilitakiwa kuwa msiba.

Halafu zile ndege. Filamu nzima anauliza: ndege zinakuja kuchukua samaki, zinaleta nini? Anataka useme silaha. Rubani mmoja anakiri aliwahi kupeleka mizigo mikubwa ya aina ya vifaru Angola na kurudi na zabibu za watoto wa Ulaya. Ni kipande kizito, nilikaa kimya. Ila hiyo ni Angola. Pale uwanja wa Mwanza hakuna boksi hata moja lililofunguliwa mbele ya kamera.

Sasa kinachonichanganya. Serikali ilipokasirika, ilikasirikia picha mbaya ya nchi. Haikukasirikia wale watoto wa mtaani wanaovuta gundi, na wale niliwajua kwa sura. Kuna yule dada anaimba "Tanzania, Tanzania" mbele ya marubani, baadaye filamu inakuambia ameuawa na mteja. Kelele zote zile, bungeni na barabarani, sikumsikia mtu akimtaja yeye. Sauper angalau alimpa wimbo mzima. Kwa hiyo siwezi kuichukia na siwezi kuipenda, na imebaki hivyo miaka yote.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Ng'wana, huu ndio mchango nilioanzishia uzi. Filamu yenyewe haikuwa kwenye flashi, nitaitafuta.

Ila nikuulize: kwenye ile filamu steringi ni nani?

Mwana wa Igogo

Samaki.

Kivuko cha Rusumo

Ongezeni Hotel Rwanda (2004). Naisema kwa heshima maana najua wengi ndiyo waliyoionea. Mimi ni wa Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu robo milioni walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa ishirini na nne. Nilikuwa darasa la sita, shule ilifungwa, na mtoni hatukuruhusiwa kwenda, ingawa tulishaona kwa nini.

Don Cheadle ni mwigizaji mkubwa na nililia kama wote. Baadaye nikajua sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na nikasikia baadhi ya walionusurika ndani ya hoteli ileile wakisema yule meneja hakuwa vile. Sitaingia huko, ni mahakama ndefu. Shida yangu ni kwamba filamu imejengwa ili wewe mtazamaji uwe ndani ya geti. Unanusurika naye.

Tafuteni Sometimes in April ya Raoul Peck, 2005. Imepigwa Rwanda yenyewe. Augustin, anayechezwa na Idris Elba, hanusuru mtu. Anabaki hai, basi, na miaka kumi baadaye anapanda kwenda Arusha kwa sababu kaka mtu aliyekuwa anatangaza redioni anahukumiwa pale kwenye mahakama ya kimataifa. Arusha, hapa kwetu, tulipokuwa tunapita na daladala nje ya jengo hatuulizi. Anazungumza ukutani na mwanamke mmoja aliyekuja kutoa ushahidi, kila mmoja chumba chake cha hoteli, hawaonani. Sijawahi kuirudia. Moja ilitosha.

Kinyozi wa Kayole

Nimeshindwa kuendelea kunyoa. Acha nilete kitu chepesi kabla tulie wote. The Lion King. Ile ya 1994 naisamehe kila kitu, hata kumwita fisi Shenzi na nyani akaimba "asante sana squash banana". Ile ya 2019 simba wamekuwa wa kweli kabisa, wazuri kama wa pale Nairobi National Park, na kama hao wa pale hawana uso. Baba amekufa na mtoto ana sura ya paka anayengoja omena.

Mkazi wa Vuga

Na "hakuna matata" Disney walisajili kama nembo yao ya biashara. Miye sijamsikia mtu Unguja akilitamka ila akiwa na mtalii mbele yake.

Bi Mdogo Mkubwa

Naomba kuuliza tu: kati ya wanaume wote humu, hakuna aliyewahi kuiona Neria?

Ya Zimbabwe, miaka ya mwanzo ya tisini, Godwin Mawuru ndiye aliyeongoza, kisa cha Tsitsi Dangarembga. Mume anakufa kwa ajali, na kabla udongo haujakauka shemeji Phineas kaja na gari. Anachukua kitabu cha benki, anachukua gari, nyumba, mwisho anachukua watoto. Anavyozungumza! Hafoki. Anazungumza kwa upole wa mila, kwa faida ya ukoo. Oliver Mtukudzi anacheza kaka wa Neria na wimbo ni wake.

Ina makosa. Imetengenezwa na watu waliotaka kufundisha, inaonekana, kuna vipande ni kama unasomewa kipeperushi cha sheria. Mawakili wanaongea polepole ili uandike. Lakini hamna filamu nyingine nimeiona wanawake wakiizungumzisha televisheni. Mtaani kwetu Tabata waliangalia kumi na moja kwenye sebule moja, na jirani yetu mmoja alitoka katikati akaenda kusimama uani, hatukumuuliza.

Mzee wa Benchi la Nyuma

Niliiona utotoni, nakumbuka wimbo tu. Ngoja nimwambie shemeji alete.

Dereva wa Semi

Shemeji yupi, Phineas?

Mzee wa Benchi la Nyuma

Nimewarudia wakuu, siku tatu baadaye. Plasta imeshuka hadi chini ya goti.

Nimeiona jana usiku. Mama yangu yuko hapa tangu nilipoumia, huwa haangalii muvi, anasema zinamuumiza macho. Nilipoiwasha alikuwa anachambua mchele. Ule wimbo ulipoanza akavuta kigoda. Bi Mdogo, umesema kweli kuhusu mawakili, nilipata hamu ya kuwasukuma. Ila Phineas! Nimeona maadui wengi, Gabbar Singh wa Sholay nimemwogopa utoto mzima, hakuna aliyewahi kunifanya nitake kuingia ndani ya televisheni kama huyu jamaa mwenye suti anayesema "sisi ni familia".

Mama alikaa mpaka mwisho, ungo mapajani, mchele haujaguswa. Hakuniuliza steringi yupi. Aliuliza kama mimi na mke wangu hii nyumba tumeiandikisha kwa jina la nani.